Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaoanza Kusoma Biolojia, Afya na Sayansi ya Tiba

Ukurasa huu ni wa anayeanza: mwanafunzi wa sekondari anayefikiria masomo ya sayansi, anayejiandaa kuingia chuo cha uuguzi, udaktari, famasia au maabara, na hata mtu mzima aliyeamua kujisomea mwenyewe nyumbani. Mengine ni maswali ambayo kila anayeanza huuliza, mengine ni yale ambayo watu huona haya kuyauliza darasani. Pale ilipowezekana, jibu linaeleza jambo lilivyo na pia watu walilijuaje. Naamini swali la pili ndilo linalomjenga mwanafunzi, na ndilo linalorukwa zaidi.

Nianze na somo gani: biolojia, kemia au anatomia?

Anza na biolojia ya seli, na kemia isikae mbali. Huhitaji kemia yote. Mwanzoni zinatosha mada chache: atomu na ioni, jinsi maji yanavyoyeyusha vitu, asidi na besi, kisha molekuli kubwa zinazojenga mwili, yaani protini, wanga, mafuta na asidi za nyukilia. Ukizijua hizo, sentensi kama "pH ya damu ya ateri hukaa kati ya 7.35 na 7.45" inakuambia kitu. Usipozijua, hiyo ni namba ya kukariri tu, nayo hupotea kabla ya mtihani kuisha.

Anatomia huwavutia wengi kwa sababu ya picha na majina yake. Sina ugomvi nayo, ila nashauri isitangulie. Anayeanza na orodha ya mifupa 206 ya mtu mzima huiona mifupa kama mawe yaliyopangwa. Aliyepitia seli kwanza anajua kwamba ndani ya mfupa kuna seli zinazobomoa na nyingine zinazojenga, maisha yote, na ndiyo maana mfupa uliovunjika huunga.

Anatomia, fiziolojia, patholojia na farmakolojia zinatofautianaje?

Anatomia husoma umbo na mahali pa viungo, fiziolojia husoma utendaji wake, patholojia husoma kinachoharibika mtu anapougua, na farmakolojia husoma dawa inavyoutenda mwili na mwili unavyoitenda dawa. Mitaala huyatenganisha ili yafundishike. Mgonjwa huja nayo yote kwa pamoja, kwa hiyo kila usomapo kiungo kimoja, jiulize maswali yote manne.

Kwa nini karibu kila kitabu kinaanza na seli?

Kwa sababu hakuna kiumbe hai kinachojulikana ambacho hakikujengwa na seli, na karibu kila ugonjwa, ukiufuatilia mpaka mwisho, unaishia kwenye seli zilizoharibika, zilizokosa kitu, au zilizokataa kuacha kugawanyika.

Mwaka 1665 Robert Hooke aliweka chini ya hadubini kipande chembamba cha koki, yaani gamba kavu la mti, akaona vijumba vitupu vilivyopangana. Aliona kuta tu, kwa kuwa wenyewe walikuwa wamekufa zamani. Ilipita zaidi ya karne moja na nusu ndipo Matthias Schleiden, mwaka 1838, na Theodor Schwann, mwaka 1839, wakasema mimea na wanyama wote wamejengwa na seli. Mwaka 1855 Rudolf Virchow akatangaza kwamba kila seli hutoka katika seli iliyotangulia. Kauli hiyo fupi ndiyo inayotufanya leo tukitazama uvimbe wa saratani tuulize: seli ya kwanza iliyoasi ilikuwa ipi, na nini kiliibadilisha?

Ukipata nafasi ya kutumia hadubini, usiikose. Weka tone la maji kwenye kioo, kwangua taratibu upande wa ndani wa shavu lako kwa kijiti safi, sambaza ulichokipata ndani ya tone, ongeza rangi ya buluu ya methilini kidogo, kisha funika kwa kioo chembamba. Anza na lenzi ya ukuzaji mdogo. Kitu cha kwanza kukuvutia kitakuwa viduara vyenye ukingo mweusi mzito. Hayo ni mapovu ya hewa, na wengi huyachora wakidhani ndizo seli. Endelea kusogeza kioo. Seli ya shavu ni bapa, kingo zake hazina mpangilio, mara nyingi imejikunja upande mmoja, na ina doa la buluu iliyokolea: hicho ndicho kiini, na DNA yako karibu yote imo humo. Ukiongeza ukuzaji, vidoa vidogo mno vilivyotapakaa juu ya seli ni bakteria wanaoishi kinywani.

Hapo hapo umepata kipimo cha kukusaidia miaka yote ya masomo. Seli ya shavu ina upana wa mikromita 50 hivi au zaidi, seli nyekundu ya damu 7 hadi 8, na bakteria wengi 1 hadi 5. Virusi vingi havifiki mikromita 0.3, kwa hiyo hutaviona kwa hadubini hiyo hata ukodoe macho vipi.

Mwili una mifumo mingi mno. Nitaisomaje bila kukariri kila kitu?

Chagua kitu kimoja kinachosafiri mwilini, ukifuate kutoka kinakoingia hadi kinakoishia. Mimi humpendekezea kila anayeanza oksijeni, kwa sababu safari yake inapita karibu nusu ya mtaala.

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Inaingia puani, inapashwa joto na kupata unyevu, inashuka kwenye koromeo na bomba la hewa, inapita matawi yanayozidi kuwa membamba, na kufika kwenye vifuko vya hewa. Vifuko hivyo ni mamia ya mamilioni. Ukuta unaotenganisha hewa na damu hapo ni mwembamba kuliko mikromita 1, na oksijeni huuvuka kwa kusambaa tu, kutoka penye nyingi kwenda penye chache, bila nguvu yoyote ya ziada. Umeshasoma mfumo wa upumuaji na kanuni ya usambaaji kwa pamoja. Na sasa unaweza kujieleza mwenyewe nimonia humdhuru mtu kwa njia gani: vifuko vikijaa majimaji na usaha, safari inakwama kabla ya kuvuka ukuta.

Ndani ya damu oksijeni inapokewa na himoglobini. Kila molekuli ya himoglobini ina atomu nne za chuma na hubeba molekuli nne za oksijeni, na seli nyekundu moja ina takriban molekuli milioni 270 za himoglobini. Hapa matatizo mawili yanapata maana. Mtu akikosa chuma, himoglobini hupungua, naye anachoka na kuhema hata kama mapafu yake ni mazima. Mtu aliyelala chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa anavuta kaboni monoksaidi, gesi inayong'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo viti vyote vinakaliwa huku oksijeni iko nje.

Moyo husukuma damu hiyo hadi kwenye kapilari, mishipa myembamba kiasi kwamba seli nyekundu hupita moja moja, nyingine zikilazimika kujikunja. Huko oksijeni inaachia himoglobini, inaingia kwenye seli, na kufika mwisho wa safari: mitokondria. Kazi yake ya mwisho ni kupokea elektroni zilizotoka kwenye chakula, ikaungana na hidrojeni na kuwa maji. Nishati inayopatikana njiani hutengeneza ATP, ambayo seli huitumia kwa kila kazi. Sayanaidi huua kwa kuziba hatua hiyo ya mwisho: damu imejaa oksijeni, seli zinashindwa kuitumia.

Nina jambo moja hapa ambalo halichoshi kulifikiria. Seli nyekundu ya damu, inayobeba oksijeni siku 120 hivi za uhai wake, haina mitokondria. Inaibeba bila kuitumia hata kidogo, ikijipatia nishati kwa kuvunja glukosi bila oksijeni.

Ukimaliza safari hii, fanya kama hivyo kwa glukosi, kisha kwa chumvi, kisha kwa kidonge cha dawa kinachomezwa.

Wanasema damu huzunguka. Nani alithibitisha, na kwa njia gani?

William Harvey, katika kitabu alichochapisha mwaka 1628. Kabla yake, kwa zaidi ya miaka 1,000, madaktari walifuata mafundisho ya Galen kwamba damu hutengenezwa kwenye ini kutokana na chakula, ikatiririka viungoni na kuishia huko. Harvey alipima na kuhesabu. Fanya hesabu hiyo kwa namba za leo: moyo husukuma mililita 70 hivi kwa pigo moja, na ukipiga mara 70 kwa dakika, hiyo ni karibu lita 5 kwa dakika, karibu lita 300 kwa saa. Hakuna ini linaloweza kutengeneza lita 300 za damu mpya kila saa, wala mwili unaoweza kuzinywa. Lazima ni damu ile ile inarudi.

Kilichokosekana ni njia ya kuunganisha ateri na vena. Harvey alifariki mwaka 1657 bila kuiona. Mwaka 1661 Marcello Malpighi alitazama pafu la chura kwa hadubini na kuziona kapilari. Hesabu ilikuwa imesema lazima zipo, na zilikuwepo.

Homeostasisi ni nini?

Ni kazi ya mwili ya kudumisha hali ya ndani katika kiwango chake, ingawa hali ya nje inabadilika: joto karibu nyuzi 37 za Selsiasi, sukari, chumvi, maji, asidi. Utaratibu wake mara nyingi ni ule ule. Kuna kitu kinachopima, kuna kinachoamua, na kuna kinachorekebisha mpaka kiwango kirudi. Sukari ikipanda baada ya kula, kongosho hutoa insulini, seli za misuli na mafuta huichukua sukari, ini huihifadhi, nayo hushuka. Ikishuka mno, kongosho lile lile hutoa glukagoni na ini huirudisha sukari kwenye damu. Katika kisukari cha aina ya 1, seli zinazotengeneza insulini zimeharibiwa. Katika aina ya 2, mwili umekuwa mzito kuiitikia insulini, na kongosho hatimaye halimudu mahitaji.

Kwa figo, namba zinatosha kusimulia. Figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, na mkojo unaotoka kwa kawaida ni lita 1 hadi 2. Zaidi ya asilimia 98 hurudishwa. Plazima, yaani sehemu ya maji ya damu, ni lita 3 hivi tu, hivyo kila tone lake hupita kwenye kichujio mara 60 kwa siku. Mfumo uliopangwa hivyo unaweza kusahihisha kosa dogo la chumvi au maji ndani ya saa chache.

Bakteria na virusi vina tofauti gani, na kwa nini antibiotiki haitibu mafua?

Bakteria ni seli kamili. Ana utando, ribosomu na DNA yake, anakula, anakua na kugawanyika mwenyewe. Kirusi si seli. Ni maelekezo ya kijenetiki, DNA au RNA, yaliyofungwa ndani ya protini, na hakiwezi kujizalisha mpaka kiingie kwenye seli ya mwingine na kutumia mitambo yake.

Antibiotiki hufanya kazi kwa kulenga kitu ambacho bakteria anacho na sisi hatuna. Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928 na kugeuzwa dawa na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao, huzuia bakteria kujenga ukuta wake. Seli zetu hazina ukuta wa aina hiyo, kwa hiyo dawa hupita bila kutudhuru kwa njia hiyo. Kirusi cha mafua nacho hakina ukuta huo. Dawa haina pa kushika. Ziko dawa za virusi, lakini hizo hulenga hatua nyingine, kila moja kwa virusi vyake.

Usugu wa dawa hutokea vipi? Ni mwili unaozoea dawa?

Hapana, na kosa hili naomba ulisahihishe kila unapolisikia. Wanaobadilika ni bakteria. Bakteria kama E. koli, akiwa katika mazingira mazuri, hugawanyika kila dakika 20. Mmoja akiachwa kwa saa 10 bila kikwazo, wanakuwa zaidi ya bilioni 1. Katika kunakili DNA mara nyingi hivyo, makosa hutokea, na kosa moja kati ya mengi huweza kumpa bakteria njia ya kuhimili dawa. Dawa ikija, inawaua wenzake na kumwachia nafasi yote. Aidha bakteria hupeana vipande vya DNA, hata wa aina tofauti, hivyo mbinu moja husambaa haraka.

Huu ni uteuzi wa asili unaoonekana kwa macho ndani ya siku chache, na ndio mfano bora wa kuelewa mageuko ya viumbe. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dozi ndogo mno zingewazoesha vijidudu penisilini. Kumeza antibiotiki kwa ugonjwa wa virusi hakumsaidii mgonjwa, ila kunawachuja bakteria wasio na hatia wanaoishi mwilini mwake na kubakiza walio sugu.

Chanjo hufanyaje kazi?

Huuonyesha mfumo wa kinga sehemu au umbo lililodhoofishwa la kijidudu kabla kijidudu chenyewe hakijafika. Miongoni mwa mamilioni ya seli za kinga, chache hukutwa zina kipokezi kinachoendana na umbo hilo. Hizo huongezeka, nyingine hutoa kingamwili, na baadhi hubaki miaka mingi kama seli za kumbukumbu. Maambukizi ya kweli yakija, jibu ambalo lingechukua siku nyingi huja haraka na kwa nguvu.

Edward Jenner alilijaribu hilo mwaka 1796 kwa kutumia ndui ya ng'ombe kukinga ndui ya binadamu, bila kujua chochote kuhusu virusi wala kingamwili. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ndui imetokomezwa. Hadi leo ndio ugonjwa pekee wa binadamu uliofutwa duniani.

DNA, jeni na kromosomu: kipi kiko ndani ya kipi?

DNA ni molekuli ndefu. Kromosomu ni uzi mmoja wa DNA uliozungushwa kwenye protini. Jeni ni kipande cha uzi huo chenye maelekezo, mara nyingi ya kutengeneza protini. Seli nyingi za binadamu zina kromosomu 46, yaani jozi 23, nusu kutoka kwa mama na nusu kwa baba. Ukinyoosha DNA yote ya seli moja, inafika mita 2 hivi, ndani ya kiini chenye upana wa mikromita chache. Jeni zenye kutengeneza protini ni takriban 20,000, nazo huchukua chini ya asilimia 2 ya DNA yote.

Umbo la ngazi iliyosokotwa lilielezwa na James Watson na Francis Crick mwaka 1953, wakitegemea sana picha za eksirei kutoka maabara ya Rosalind Franklin. Jina lake litaje kila unapowataja wao.

Herufi moja ya DNA inaweza kweli kusababisha ugonjwa?

Ndiyo, na seli mundu ni mfano wa kusoma kwa makini. Katika jeni ya sehemu moja ya himoglobini, herufi A imebadilika kuwa T. Kwa sababu hiyo, katika mnyororo wa amino asidi 146, ya sita si asidi ya glutamiki bali valini. Hakuna kingine. Lakini valini haipendi maji, na himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni, molekuli zake hunatana na kuwa nyuzi ngumu zinazoivuta seli mpaka inapinda. Seli iliyopinda haipiti vizuri kwenye kapilari, hivyo huziba, na kinachofuata ni maumivu makali na kiungo kukosa oksijeni. Pia hufa mapema, baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120, na ndiyo asili ya upungufu wa damu. Herufi, protini, seli, kiungo, mgonjwa: ngazi zote tano zinaonekana katika ugonjwa mmoja.

Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa, 50 wa mtoto mbebaji, na 25 wa mtoto asiye na jeni hiyo. Zingatia neno "kila". Si kwamba wakishapata mtoto mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wamesalimika. Ujauzito haukumbuki uliopita. Familia ya wabebaji yenye watoto wanne ina uwezekano wa takriban asilimia 68 wa kuwa na angalau mtoto mmoja mwenye ugonjwa: robo tatu mara robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, kisha jibu ulitoe kutoka moja.

Na kwa nini jeni yenye madhara haya haikupotea? Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kwamba wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria. Palipokuwa na malaria nyingi, kubeba nakala moja kulimwokoa mtoto.

Kipimo chenye usahihi wa asilimia 99 kikisema ninaumwa, basi ninaumwa kwa asilimia 99?

Si lazima. Hili swali huwakwaza hata waliohitimu, kwa hiyo tulia nalo.

Tuseme ugonjwa humpata mtu 1 kati ya 1,000, na kipimo hugundua asilimia 99 ya wagonjwa na kuwaacha huru asilimia 99 ya wazima. Pima watu 10,000 wasio na dalili. Wagonjwa ni 10, na karibu wote watagunduliwa. Wazima ni 9,990, na asilimia 1 yao, yaani watu 100 hivi, wataambiwa kimakosa kwamba wanaumwa. Waliopewa jibu la "una ugonjwa" ni 110, na wanaoumwa kweli ni 10. Uwezekano ni asilimia 9.

Sasa chukua kipimo hicho hicho ukitumie kwa watu 1,000 waliokuja na dalili za wazi, ambao 300 kati yao wanaumwa kweli. Kitawagundua 297 na kukosea kwa wazima 7. Jibu la "una ugonjwa" sasa ni kweli kwa karibu asilimia 98. Kipimo hakikubadilika. Waliopimwa ndio waliobadilika. Ndiyo maana daktari mzuri husikiliza historia na kumgusa mgonjwa kabla ya kuandika vipimo, na ndiyo maana kipimo cha uchunguzi wa awali hufuatwa na kipimo cha pili cha kuthibitisha.

Leo utafiti unasema hivi, kesho vile. Niamini upi?

Uliza kwanza watu waligawanywaje. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili na kuwapa tiba sita tofauti. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Alikuwa na watu wachache mno, lakini alilinganisha, na hapo alikuwa mbele ya wengi wa zama zake. Mwaka 1948 yalichapishwa matokeo ya jaribio la streptomaisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu nchini Uingereza, nalo liliongeza hatua kubwa: nani apate dawa iliamuliwa kwa bahati nasibu, ili daktari asiwachague wenye matumaini zaidi.

Utafiti unaoangalia tu watu wanavyoishi huweza kuonyesha kwamba mambo mawili yanaandamana, bila kuonyesha kwamba moja linasababisha jingine. Hata hivyo usiudharau. Hakuna aliyewalazimisha watu kuvuta sigara kwa kura, na bado uhusiano wake na saratani ya mapafu ulithibitishwa kwa tafiti nyingi za aina tofauti zilizoelekea upande mmoja.

Hisabati inanishinda. Nitaweza?

Kwa hatua za mwanzo, ndiyo. Asilimia, uwiano, kubadili vipimo na kusoma grafu vinatosha. Lakini hivyo vichache vijue barabara. Atakayeandikia mtoto dozi kwa kilo ya uzito hawezi kuchanganya miligramu na mikrogramu: tofauti ni mara 1,000.

Nisome vipi ili nikumbuke?

Funga kitabu, chora ulichosoma kutoka kichwani, kisha fungua uone ulipokosea. Kujipima hivyo hushinda kusoma kurasa zile zile mara tano huku ukipaka rangi mistari, kwa sababu kurudia kusoma hukupa hisia ya kujua bila kujua kwenyewe. Rudia mada baada ya siku kadhaa, si usiku huo huo. Na mweleze mtu asiyesoma sayansi. Pale unapobabaika ndipo pa kurudi.

Kila nikisoma ugonjwa, naanza kujiona nina dalili zake. Ni kawaida?

Ni kawaida kabisa kwa wanaoanza. Dalili nyingi, kama kichwa kuuma na uchovu, ni za magonjwa mengi na hata za kukosa usingizi. Kama jambo linaendelea kukusumbua, nenda ukapimwe na mtaalamu kama mtu mwingine yeyote. Usijitibu kwa ulichosoma, wala usimwandikie dawa jirani.

Huwa nazimia nikiona damu. Nibadili ndoto?

Usibadili bado. Kinachotokea kinajulikana: neva ya vagasi huitikia kupita kiasi, mapigo ya moyo hupungua, mishipa ya damu hutanuka, shinikizo hushuka, na ubongo hukosa damu ya kutosha kwa sekunde chache. Kabla ya hapo mtu huhisi joto, jasho jembamba, kichefuchefu na macho kuingia giza.

Ukizijua dalili hizo unaweza kuzitangulia. Kaza misuli ya miguu, tumbo na mikono kwa sekunde 10 hadi 15, ilegeze, kisha kaza tena. Damu inasukumwa juu na shinikizo hupanda. Kula na kunywa maji kabla ya kipindi, usisimame umebana magoti, na kama giza linaingia, kaa au lala chini mara moja badala ya kujikaza kiume. Wengi huzoea kwa kuona kidogo kidogo: picha kwanza, kisha video, kisha kusimama mlangoni, kisha kusogea. Mwambie mkufunzi wako mapema ili siku ya kwanza akuweke karibu na kiti. Na kama huzimia hata pasipo damu, au ukiwa katikati ya mazoezi, hilo ni jambo jingine na linahitaji daktari aupime moyo.